Pedali ya Tatu

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Shauri Moyo
ndiyo kwanza inafungua milango ya bati,
na mimi, Tunu binti Pazi, nimeshika karatasi
aliyoniandikia fundi Mwarami kwa penseli:
Hailaksi ya sabini na tisa, gia mkono,
ulizia otomatiki itakayokaa bila kukata chesisi.

Kavishe wa vipuri anaisoma, anacheka.
"Dada, si bora uliuze tu?"
Simjibu. Nimwambie nini?
Kwamba kiharusi kilibisha hodi mwezi Machi,
kwamba mkono ulirudi Juni, mguu ukagoma,
mguu wa kushoto, mguu wa klachi,
kikauacha wa mafuta na breki mzima
kama mwizi anayejua alichofuata?

Zipo tatu, zimelazwa juu ya magunia.
Ya kwanza ina gia tatu, nzito kama jiwe la kusagia,
haina waya hata mmoja,
inafikiri kwa oili.
Ya pili imetoka kwenye Noa. Inataka kompyuta,
kompyuta inataka sensa, na sensa zinataka
ubongo ambao mashine yetu haikuzaliwa nao.
Ya tatu ina gia nne na kebo ya kwenda kabureta,
na Kavishe anaisifia kama mshenga:
"Hii hata ukienda Morogoro, husikii kelele."

Nachomoa kijiti kama nilivyofundishwa. Nanusa.
Oili ya mshenga ni nyeusi, yanuka ukoko wa ugali.
Ya gia tatu bado nyekundu, juisi ya rozela,
na kidoleni haikuacha chembe ya chuma.

Mchagua jembe si mkulima, baba alizoea kusema,
yeye aliyeyakataa majembe yote yasiyo na klachi.
Aliyaita magari ya kubebwa mgongoni.
"Gia unaitafuta, inakuitikia kiganjani.
Sasa hilo linalojibadilishia,
wewe umo humo unafanya nini?"
Nilikuwa darasa la sita, tunapanda kilima cha Pugu,
mbao za mninga zinalia nyuma.
Akarudisha ya pili, mashine ikaguna,
akanitazama kama aliyeshinda kesi.

Shauri moyo, basi. Jina la mahali latosha.
Nikachukua ya gia tatu,
laki sita na nusu ikashuka hadi tano na themanini,
na boliti za krosimemba nikatupiwa bure
kwa sharti nisimwambie mtu bei.

Tabata, Mwarami alifupisha propela inchi mbili,
akafunga kula ya oili mbele ya rejeta.
"Foleni ya Buguruni bila hii," alisema, "itachemka kama supu."
Kisha akajipenyeza chini ya dashibodi
na spana namba kumi na mbili
kung'oa pedali ya klachi.

Nikasema, iache.

"Haina kazi tena."

Najua. Iache.

Akanitazama. Akatafuta springi,
akaifunga, ili ikikanyagwa irudi.

Jumapili baba alikaa kwenye kiti chake.
Akazisoma herufi za gia kimyakimya
kama mtoto wa chekechea aliyefichiwa jibu.
Hakusifu. Hakulaani. Akawasha.

Taa za Veta zikawaka nyekundu.
Mguu wa kulia ukashika breki.
Nikainama kana kwamba natafuta simu:
wa kushoto alikwisha kuunyanyua kwa mkono,
akauweka juu ya pedali isiyokwenda popote,
pale raba ilipolika upande mmoja
kwa miaka yake arobaini.
Haukuwa unakanyaga, nisidanganye.
Ulikaa tu.

"Kijani, baba."

"Nimeiona," akasema. "Nasubiri gia."

Wa nyuma yetu akapiga honi, mara mbili,
na gari likaondoka.